Waone Wangali Hai: Safari ya Ng'ambo ya Ghuba



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama, ambao katika kila ukoo ndio wanaojua nani kajifungua, nani kaugua na nani hajaonekana tangu Idi mbili zilizopita: wiki hii tunawaandikia kutoka pwani nyingine, pwani isiyo na chumvi. Mtu wa Mombasa akilisikia jina la Kaloleni, mawazo yake humwendea Kaloleni ya Kilifi, kule kwenye vilima vya Wamijikenda, au ile ya Mombasa mjini. Kaloleni yetu sisi ni mtaa wa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, penye madrasa zetu na ukumbi wa kumbukumbu ya Ofafa ambao Wajaluo waliujenga kwa michango yao. Wazee hulifasiri jina hilo kwa kusema kwamba kulola, katika lugha za Wamijikenda, ni kutazama. Basi kaloleni ni amri wanayopewa watu wengi, yaani nendeni mkatazame. Hatujui ni nani aliyelibeba jina hili kutoka Pwani akalileta huku, lakini maana yake ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo chake cha mwisho Waingereza wakakiita Port Florence. Haikuleta mabehewa peke yake. Ilileta makarani, wapishi, washonaji, wachukuzi na walimu wa Qur'ani, na wengi wao hawakurudi makwao. Ndiyo maana mtoto wa Kiislamu wa Kisumu, ukimwuliza kabila lake, huenda akakujibu kwa hadithi badala ya neno moja: babu Mswahili, bibi Mnubi, mjomba Mjaluo, mkwe Msomali. Nasi ni watoto wa hadithi kama hiyo. Baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa kijana wa Mombasa aliyeletwa na kazi ya reli. Mama yetu ni binti wa Karachuonyo, ng'ambo ya ghuba, aliyekuja mjini kuuza samaki pamoja na shangazi yake. Aliusoma Uislamu, akaupenda, akasilimu, kisha akaolewa. Ndugu zake wote walibaki katika Ukristo wao, na dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita Mama Mkubwa, mpaka leo ni Msabato mwenye msimamo.

Tofauti hiyo ya dini haikuwahi kuvunja udugu wao. Mambo ya chakula, ambayo kwa familia nyingi huwa ndiyo mtihani wa kwanza, kwao yalikuwa mepesi. Wasabato walianza kazi zao Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu mwaka 1906, na mafundisho yao yanakataza nguruwe na pombe. Zaidi ya hayo, wanajizuia na samaki wasio na magamba, kama vile mumi, ilhali sisi wa madhehebu ya Shafi tunawala. Kwa hiyo Mama Mkubwa alipokuja Kaloleni, aliyelazimika kuuliza kuhusu chungu alikuwa yeye, si sisi, na jambo hilo liliwachekesha dada hawa wawili miaka yote ya utoto wetu.

Kilichowatenganisha kilikuwa ni kaburi.

Baba yetu alifariki katikati ya Ramadhani, Januari 1998, watu wakila daku. Wasomaji wa umri wetu wataikumbuka miezi ile: ni mvua za El Nino zilizoanza mwaka 1997. Mto Nyando ulikuwa umefurika, uwanda wa Kano umegeuka ziwa la pili, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Kulipopambazuka tulimtuma kijana apande matatu aende Karachuonyo kutoa habari. Maji yalimzuia Ahero, akasimama huko siku nzima pamoja na wasafiri wengine. Sisi tukaosha, tukakafini, tukaswalia baada ya adhuhuri, tukazika. Mama Mkubwa alifika siku ya tatu, sketi imelowa matope hadi magotini, akaonyeshwa kaburi lililokwisha kufunikwa. Alisimama pale kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mama yetu, kwa Kijaluo, mbele ya wote: "Mmemfukia shemeji yangu haraka kama mwizi afichavyo alichoiba."

Asiyewajua Wajaluo ataliona neno hilo kuwa ni ukali tu wa mwanamke aliyefiwa. Kwa Mjaluo, kungoja ndiko kumheshimu maiti. Maiti hurudishwa nyumbani kwake, watu hutoka miji ya mbali, hulala uwanjani, huuona uso wake, na kila mmoja husema alilonalo moyoni kabla ya udongo kutiwa. Wakenya wote waliushuhudia uzito wa jambo hili katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986. Mjane wake na ukoo wake walishtakiana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, na hakuzikwa mpaka Mei 23, 1987, zaidi ya siku 150 baada ya kufa. Mtu aliyelelewa katika mila inayoweza kungoja kiasi hicho, akaja akakuta shemeji yake kazikwa kabla jua la siku ile ile halijatua, ataelewaje kwamba tumemheshimu?

Mama Mkubwa hakukata udugu. Salamu zilikwenda na kurudi, omena walikuja kwenye mifuko, sukari na majani ya chai vilikwenda. Lakini mguu wake uliadimika Kaloleni, na kila dada hawa walipokutana kwenye harusi au msiba wa watu wengine, jambo lile lilikaa kati yao mithili ya mtu wa tatu aliyealikwa na asiyesema. Miaka ikapita. Mama yetu sasa anakaribia miaka themanini, na Mama Mkubwa amekwisha kuipita. Macho yake yameingia ukungu, na haoni ila nuru na kivuli. Likizo ya Agosti ilipofika mama yetu alituita baada ya swala ya alfajiri akasema: "Nipelekeni kwa dada yangu. Nina neno langu naye, na neno hilo halisemwi kwenye simu."

Tulichagua Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni siku ambayo Mama Mkubwa hawashi jiko. Tulikuwa saba garini: mama, mama watoto, dada yetu, na vijana watatu ambao hawakuwahi kuiona nyumba alikozaliwa bibi yao. Zawadi zilikuwa doti mbili za leso, halua iliyotoka Mombasa, mchele, sukari, na blanketi zito, kwani usiku wa ziwani una baridi.

Njia hiyo wasomaji wa Pwani wanaifahamu kidogo, basi na tuwapitishe. Ukitoka Kisumu kwenda mashariki, ukiupita mtaa wa Nyamasaria na soko la Rabuor, mkono wa kushoto unaona ngome ya milima ya Nandi imesimama kama ukuta wa buluu, na mbele yako uwanda wa Kano umelala tambarare. Pale Ahero mashamba ya mpunga yanang'aa maji, na yangeyange weupe wanatembea nyuma ya wakulima kama wanafunzi nyuma ya mwalimu. Vijana walitaka tusimame wapige picha, tukasimama. Mama yetu alibaki garini. Alikuwa ameukazia macho mto Nyando, ambao siku ile ulikuwa mwembamba na mpole, mtoto angeweza kucheza kando yake. Hatukumwuliza anawaza nini.

Baada ya Ahero unakwenda kusini hadi Katito, kisha unashika kulia. Zamani hapo ndipo vumbi lilipoanzia. Leo ni lami safi. Unauvuka mto Sondu Miriu, ambao maji yake huzungusha mitambo ya umeme, na baada ya muda mfupi ziwa linakufungukia mkono wa kulia. Ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Kwa mtu wa Mombasa huo ni ukumbusho kwamba Allah ameweka maji mengi mahali ambapo hata hewa imekuwa nyepesi. Ng'ambo yake, kwa mbali, vijana waliuona mji wao wenyewe, Kisumu, umekuwa mstari mwembamba wa weupe. Kijana mmoja alisema: "Kumbe miaka yote tulikuwa tukitazamana nao."

Kando ya maji wanawake walikuwa wameanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa chini, wanawageuza kwa mikono, na fedha ya samaki wale ilimeremeta mpaka barabarani. Mahali pengine magugu maji yalikuwa yamefunika hori zima, kijani kibichi, ya kupendeza kwa mpita njia na ya kuudhi kwa mvuvi ambaye mtumbwi wake haupiti. Mbele yetu mlima Homa ulikuwa unakua kila tulipopinda kona. Tulipita Kendu Bay, mji mdogo ambao Waislamu wamekuwamo tangu siku za wafanyabiashara wa zamani, na ambao meli za shirika la reli zilikuwa zikitia nanga. Mama yetu alituonyesha upande wa gati. Hapo, alisema, ndipo alipopanda meli akiwa msichana, kapu la samaki kichwani, akienda mjini kwa mara ya kwanza.

Kilomita chache mbele ya Kendu Bay tulisimama tena, juu ya ukingo wa ziwa Simbi. Ni ziwa dogo la duara lililo katika shimo la volkano, maji yake ya chumvi na rangi ya kijani, na heroe huja kula hapo. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa sherehe alikuja bibi kizee mwenye njaa na baridi, akafukuzwa kila mlango, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha na kumpa chakula. Bibi yule akamwambia mwenyeji wake atoke na jamaa zake usiku ule ule. Kisha mvua ikanyesha, kijiji chote kikazama. Hii ni hadithi ya watu, wala si aya wala hadithi ya Mtume (s.a.w.), na tuliwaeleza vijana hivyo. Hata hivyo tuliwaambia wazingatie kwamba jamii hii, kabla haijamjua mmishonari wala mwalimu wa madrasa, ilikuwa imekwisha kuwafunza watoto wake kwamba nyumba inayomfungia mgeni mlango haina haki ya kusimama.

Mama Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya mti, na aliposikia milango ya gari alisimama kwa fimbo yake. Mama yetu hakumwita jina. Alikwenda moja kwa moja akamshika mikono, na yule akaipapasa mikono ile, akapanda hadi kwenye viwiko, akafika usoni, chini ya mtandio, akasema: "Nyamera," yaani ndugu yangu wa kike. Wakakaa. Hakuna aliyelia. Wajukuu walileta viti, kuku wakafukuzwa, na kwa muda wa saa nzima mazungumzo yalikuwa ya mtama, ya mvua, na ya mwaka 2020, ziwa lilipopanda likameza sehemu ya shamba lililo karibu na maji.

Jambo moja la jikoni tunapenda akina mama walisikie. Mama watoto alipokwenda kusaidia, alikuta samaki aina ya ngege wanachemka, mboga za mnavu na mgagani zimelazwa kwenye maziwa, na ugali wa mtama unasongwa. Akakuta pia jogoo wawili tayari wamekwisha kunyonyolewa. Mkamwana wa nyumba alimwambia kabla hajauliza: "Amechinja kijana wa msikitini. Mama alimwita toka Kendu Bay tangu asubuhi, na nauli akamlipa." Sheria yetu imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, na samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo Mama Mkubwa angeweza kujipunguzia taabu. Hakutaka kujipunguzia. Alitaka wageni wake wale bila kusita hata tonge moja.

Adhuhuri ilipoingia tuliomba mahali pa kuswali. Mjukuu alifagia chumba, akatandika mkeka mpya, na kijana wetu akatoa simu atafute kibla. Mama Mkubwa, aliyekuwa nje, hakusubiri simu. Alisema kwa Kiswahili chake cha Kisumu: "Elekeeni kwenye maji. Baba yenu alikuwa anaelekea kwenye maji." Na ndivyo ilivyo. Kutoka upande huu Makka iko kaskazini, imeelemea mashariki kidogo, na anayeswali katika ufuko wa Karachuonyo huelekea ziwa. Baba yetu alikuja kuposa katika uwanja ule, akaja tena mara nyingi kama mkwe, na mwanamke huyu Msabato alikuwa amehifadhi upande wa kibla chake kwa zaidi ya nusu karne. Tuliswali tukiwa tumeelekea maji. Tulipotoa salamu dada yetu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Baada ya chakula mama yetu alisema neno lake. Alizungumza Kijaluo, nasi tunalieleza kwa kadiri Kiswahili kinavyolibeba. Alisema: "Dada, mume wangu hatukumwiba. Dini yetu inaona kwamba maiti ni mgeni aliye njiani, na mgeni aliye njiani hacheleweshwi. Nami nitazikwa vivyo hivyo. Nikifa asubuhi, alasiri utaambiwa nimekwisha kuingia. Nimekuja unione sasa, kwa mikono yako, kwa sababu siku ile huenda wasikungoje."

Mama Mkubwa alinyamaza kwa muda. Mtoto wake wa kiume, ambaye ni mzee wa kanisa, alitugeukia sisi akauliza kwa adabu kama haraka ile ni amri ya dini au ni desturi ya Waswahili. Tulimjibu kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha jeneza liharakishwe: akiwa ni mtu mwema, basi mnamfikisha kwenye heri yake, na akiwa ni kinyume chake, mnautua mzigo mabegani mwenu. Tukamweleza kwamba maiti wetu hawekewi dawa wala havishwi suti, na mjane wetu hadaiwi gharama za kuwalisha umati, kwani mafundisho ni kwamba majirani ndio wampikie yeye. Tukaongeza kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu wameruhusu kumngoja kidogo jamaa wa karibu anayetarajiwa kufika, madhali hakuna hofu ya maiti kubadilika. Haraka ni heshima, na wenye haki ya kujulishwa wana haki yao.

Hapo tulimsimulia kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim, ambacho akina mama wangepaswa kukihifadhi. Palikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Akafa, watu wakamzika pasi na kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa akauliza, na alipoambiwa amekufa, aliwalaumu kwa nini hawakumpa habari. Kisha akaomba aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia hapo. Tazameni, ndugu zetu: hakuwalaumu kwa kuzika mapema. Aliwalaumu kwa kutotoa habari. Na aliyekosa jeneza hakuambiwa kwamba amechelewa, kaburi lilimngoja.

Mzee yule wa kanisa alimfasiria mama yake maneno hayo mpaka mwisho. Mama Mkubwa aliuliza swali moja tu: "Huyo mfagiaji, jina lake linajulikana?" Tukamjibu kwamba katika mapokezi mengine anatajwa kwa jina la Ummu Mihjan. Akalirudia jina hilo polepole. Kisha akamwambia mama yetu: "Basi nipigieni kabla ya kumwosha, si baada ya kuzika. Miguu ikiweza, nitakuja. Isipoweza, mwaka huo huo mtanipeleka kaburini. Na mimi je? Mimi nitangojwa wiki mbili, na nyimbo zitakuwa nyingi. Watoto wako watakuja, au dini itawakataza?"

Alituuliza sisi, si mama yetu, na uwanja wote ulinyamaza. Tulimwambia kwamba tutakuja, inshaallah. Ibada ya kanisa ni yao na sisi hatutaingia humo. Lakini kuwapa pole wafiwa, kukaa nao, kubeba maji na kuni, kuleta chakula na kusimama pembeni kwa heshima, hayo tutayafanya, tena mapema. Mtume wetu (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita mbele yake, na alipoambiwa ni Myahudi aliuliza kama si nafsi. Na Asmaa binti Abubakar, Allah amridhie, alipojiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, alimwuliza Mtume kama amuunge, na Mtume akamwamrisha amuunge mama yake. Ikiwa hiyo ndiyo amri juu ya mzazi aliyekuwa katika ushirikina, hatuoni mlango wa kumkata dada wa mama yetu aliyetuswafia kuku na kutuhifadhia kibla.

Mama Mkubwa alicheka, kicheko kifupi cha puani tulichokuwa tumekisahau, akasema: "Mleteni na huyu mdogo wangu, lakini asivae hayo mavazi meusi, nitadhani ni usiku." Na dada wawili wakaingia katika mazungumzo yao ya ujana ambayo sisi hatukuwa na nafasi ndani yake. Tulirudi Kisumu jua likiwa linazama nyuma yetu, na mama alilala njia nzima.

Ndugu wasomaji, familia nyingi za Kiislamu, Pwani na Bara, zina jamaa wa upande mwingine: mama mkubwa, mjomba, binamu ambao walibaki katika dini ya wazee wao au katika kanisa lao. Tunawahubiria watoto wetu juu ya kuunga udugu, kisha tunawafahamisha kwa nusu ya jamaa zao tu, ile nusu inayofunga Ramadhani pamoja nasi. Nusu ya pili huja kujulikana siku ya msiba. Na siku ya msiba sisi Waislamu hatuna muda wa kufahamiana, maana saa sita tangu roho kutoka huenda tukawa tumekwisha kuzika. Mwenye mila ya kungoja wiki mbili anaweza kuahirisha mapatano yake hadi matangani. Sisi hatuna matanga ya namna hiyo. Kila tunalotaka kuambiana na jamaa zetu, lazima liambiwe wakati wote wawili wanapumua.

Kwa hiyo tuna nasaha tatu nyepesi. Ya kwanza, kila nyumba iwe na karatasi yenye namba za simu za jamaa wa pande zote mbili, na wakiwamo wasiokuwa Waislamu, na mmoja katika vijana akabidhiwe kazi ya kuwapigia wote kabla maji ya kuoshea maiti hayajateguliwa. Simu zimo mikononi mwetu leo. Udhuru wa mwaka 1998 haupo tena. Ya pili, wazee wetu waliosilimu wawaeleze ndugu zao, kwa ulimi wao wenyewe na kwa lugha yao ya mama, vipi watakavyozikwa na kwa nini. Maneno hayo yakitoka kwa sheikh yanakuwa hotuba, lakini yakitoka kwa dada yanakuwa wasia. Na ya tatu, likizo zijazo, kabla ya kufikiria mahoteli na bustani za wanyama, tafuteni kwanza kijiji kimoja ambacho mna mzee wenu na hamjafika miaka mingi. Bebeni sukari na blanketi. Waacheni watoto wapapaswe nyuso na mikono ya wazee. Mandhari mtayaona njiani bila malipo.

Tunamwomba Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape umri wenye afya wale waliobaki, alainishe nyoyo zilizokazana kwa sababu ya makaburi, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoziunga zile kamba alizoamrisha ziungwe.

Amin. Wabillahi tawfiq.